Kulungu wangu wa kwanza: napiga kushoto, nina kilo 56, na bunduki ya kuazima imenipasua juu ya jicho

Mkono_Kushoto

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari zenu.

Naomba msaada kabla sijatumia pesa vibaya. Mafunzo ya usalama wa silaha nimemaliza, kibali ninacho, na msimu wa kulungu unafunguliwa wiki tisa zijazo. Ninachokosa ni bunduki yangu mwenyewe. Nimekuwa nikiazima ya mjomba, .300 Winchester Magnum ya bolti (ule mpini unaouvuta kwa mkono kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine), na bolti iko kulia kama bunduki nyingi zilivyo. Mimi ni wa mkono wa kushoto, na jicho langu lenye nguvu ni la kushoto vilevile. Kila nikifyatua inabidi niitoe bunduki begani, nipitishe mkono juu ya darubini, nikoki, halafu nianze upya kumtafuta mnyama wa kadibodi.

Hayo ningeyavumilia. Jumamosi iliyopita nilipiga nikiwa nimelala kifudifudi, ukingo wa darubini ukanirukia. Nina kovu la nusu mwezi juu ya nyusi, nyuzi tatu. Tangu siku hiyo kabla bunduki haijalia mimi nimeshafumba macho. Mjomba anasema nitazoea tu.

Mambo mengine mnayoweza kutaka kujua: nina kilo 56 na mikono mifupi. Nitawinda nikiwa kwenye dungu juu ya mti, ukingoni mwa msitu. Mti wa mbali kabisa ninaouona vizuri kutoka pale nimeupima kwa miguu, hatua 140. Sitaki pembe za kutundika ukutani. Nataka nyama, na nataka mnyama afe haraka.

Sasa, kaliba (ukubwa wa risasi) ipi? Bunduki ya namna gani kwa mtu wa kushoto? Na risasi nichague vipi, maana maboksi ni ya kila rangi na kila moja lina picha ya kulungu. Nyinyi mnaipenda ipi, na kwa nini?

---

Wenzo94

Dada usijisumbue. .30-30, bunduki ya wenzo (ile inayokokiwa kwa mpini ulio chini ya triga), umemaliza.

Bunduki yenyewe, Winchester 94, ilichorwa na John Browning, na hiyo risasi ya .30-30 ikaja mwaka mmoja baadaye, 1895. Zimetengenezwa zaidi ya milioni saba. Huwezi kuniambia watu wote hao walikosea. Ni nyepesi, ni fupi, inapita vichakani bila kung'ang'ania matawi, na wenzo uko chini katikati: kushoto, kulia, yote sawa. Hatua 140 ni zake kabisa. Mimi nina yangu tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na kulungu hajawahi kuniuliza imetengenezwa mwaka gani.

---

Babu wa Dungu

Marahaba binti. Pole na jicho.

Nianze na jambo lisilohitaji kununua kitu. Hiyo .300 mrudishie mjomba leo, kwa shukrani. Haina kosa. Ilitoka 1963 kwa ajili ya watu wanaopiga wanyama wazito kutoka mbali, na mti wako wa mwisho uko hatua 140. Teke lake, yaani inavyokusukuma begani, ni kama mara moja na nusu ya .308, na ukilinganisha na .243 ni zaidi ya mara mbili. Kwa kilo 56 na tako lililokatwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu, umekuwa ukipigwa ngumi kila Jumamosi na kuambiwa ni mazoezi.

Hilo la kuzoea silikubali, na nina sababu. Mimi niliugua ugonjwa wako miaka miwili bila kujua. Nilikuwa na .30-06 ya marehemu baba mkwe, tako la mbao lenye bamba la chuma nyuma, haina hata kipande cha mpira. Risasi zangu zikawa zinaangukia chini kushoto. Nikalaumu darubini, nikabadilisha. Nikalaumu vishikizo vya darubini, nikabadilisha. Nikajaribu aina tatu za risasi. Siku moja rafiki yangu, mtu asiye na maneno mengi, aliichukua bunduki mkononi mwangu, akanipa mgongo, akaikoki, akanirudishia. "Piga." Nikalenga vizuri, nikabana. *Tik.* Ndani hamkuwa na risasi hai, aliweka ya bandia. Na mtutu wangu, bila mlio wowote, ulichota chini kama kuku anayedonoa mtama. Wote wawili tuliuona. Hakusema kitu, akanipa mgongo tena.

Fanya hivyo na mtu unayemwamini. Nunua risasi za bandia tano za kaliba yako, yeye achanganye na za kweli, wewe usijue ipi iko ndani. Aibu yake ni kubwa, lakini sijaona dawa nyingine inayofanya kazi haraka hivyo. Na vaa kinga ya masikio mbili, za kupachika ndani na za kufunika juu, kwa sababu nusu ya kile unachokiita teke ni mlio.

Sasa kaliba. Kabla ya katalogi soma sheria ya mahali utakapowinda. Uingereza, kwa mfano, sheria ya 1991 ya England na Wales inataka kwa kulungu wengi kaliba isiyopungua inchi .240 na nguvu ya futi-paundi 1,700 mdomoni mwa mtutu. Ujerumani kwa kulungu wakubwa ni milimita 6.5 na zaidi, na risasi iwe bado na jouli 2,000 ikifika mita 100. Kwa yule mdogo jouli 1,000 zinatosha. Marekani yako majimbo ambayo katika maeneo fulani hayaruhusu ganda lenye shingo, yaani lililobanwa mbele, linatakiwa ganda lililonyooka, na ndiyo maana kaliba ya .350 Legend ilitolewa 2019. Ukiwa sehemu kama hiyo, yote nitakayoandika hapa chini hayakuhusu.

Kama uko huru kuchagua, utasikia majina matatu: .243, 6.5 Creedmoor na 7mm-08. Ya kwanza na ya mwisho ni ndugu. Winchester ilipotoa .308 mwaka 1952, watu wakaanza kulibana shingo ganda lake lishike risasi nyembamba zaidi: 1955 ikazaliwa .243, na 1980 Remington ikaipa jina 7mm-08. Creedmoor ni mtoto wa juzi, 2007, wa Hornady.

.243 ndiyo wanayopewa wanafunzi kwa sababu haina teke la kuogopwa. Mimi naiona ni bunduki ya fundi. Kichwa chake, kile kipande kinachoruka, cha greni 100 ni gramu 6.5 tu. Kikipita nyuma ya bega kulungu hatembei mbali. Ukikosea kidogo, ukagonga mfupa mzito kwa pembe mbaya, hakuna akiba. Nimewaona wanawake na wanaume wakiitumia miaka nenda rudi bila kupoteza mnyama, ila wote walikuwa watu wa kusubiri akae ubavu.

Kwako ningechagua 7mm-08. Kichwa cha greni 140, gramu 9, kinatoka kwa kama mita 850 kwa sekunde, na teke liko chini ya la .308. Ukikuta risasi zake ni adimu, chukua 6.5 Creedmoor na usilie. Kwa hatua 140 kulungu hataona tofauti, na wewe begani utaiona kidogo sana.

Wazo la zamani la "kubwa ndiyo inaua" lilikufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Yule Bell, Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja, Uganda, wengi aliwaangusha kwa 7x57 Mauser, risasi ya 1892, ambayo unene wa kichwa chake ni huohuo wa 7mm-08. Ndovu! Sikushauri uige, na vichwa alivyotumia vilikuwa vigumu, vya kupenya, wala havifai kulungu. Nasema tu alijua pa kuweka.

Bunduki yenyewe: nunua ya bolti yenye bolti kushoto. Savage wanatengeneza, Tikka wanatengeneza, Ruger American ziko. Usikubali kuambiwa "utazoea" kwa hili pia. Kipimo cha tako: kunja mkono, weka tako kwenye kiwiko upande wa ndani, kidole chako kifike kwenye triga bila kunyoosha. Kisipofika, tako ni refu, na hapo ndipo ulipopatia nyuzi tatu: tako refu humfanya mtu asogeze kichwa mbele kwenye darubini, na ukilala kifudifudi kichwa kinasogea zaidi. Acha kama sentimita 9 kati ya jicho na kioo. Na darubini ifungwe ukiwa umevaa koti lile utakalovaa dunguni. Nimeona watu wanaipima wakiwa na fulana.

Risasi nitarudi baadaye, macho yamechoka.

---

Wenzo94

Mzee wetu umeniruka kana kwamba sikuandika :)

---

Babu wa Dungu

Sijakuruka mkuu, nilikuwa nalala.

.30-30 naiheshimu. Kulungu wangu watatu wa kwanza ni wake. Lakini mwambie binti yote. Magazini yake, pale risasi zinapokaa, ni bomba chini ya mtutu, risasi zinalala pua ya moja ikigusa fataki (kiwashio cha nyuma) ya iliyo mbele yake, kwa hiyo vichwa vyake vya kawaida ni butu. Pua kali ya chuma ingeweza kugonga fataki bunduki inaporuka. Kichwa butu hewa inakikamata. Ukiiweka sawa kwa mita 100, yaani igonge palepale unapolenga, kwa mita 200 imeshashuka zaidi ya sentimita 20, wakati .308 imeshuka karibu nusu ya hapo. Kwa hatua zake 140 hilo halina shida, nakubali. Shida ni darubini: zile 94 za zamani zinatupa ganda juu moja kwa moja, na juu ndipo darubini inapokaa. Akitaka wenzo atafute Marlin 336, inatupa ganda pembeni. Na asisahau kwamba bunduki nyepesi inapiga teke zaidi kuliko nzito ya kaliba hiyohiyo.

Haya, risasi. Binti, hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi, na hapa ndipo nilipomtesa mnyama.

Nilikuwa nimehamia .270. Ni kaliba ya 1925, tamu, greni 130 inatoka kwa mita 930 kwa sekunde. Nikanunua boksi lenye vichwa vya ncha ya plastiki, vinavyofunguka upesi sana, kwa sababu kwenye karatasi vilikuwa vinapiga tundu moja. Jioni dume likatokea hatua thelathini. Thelathini! Karibu sana kwa kasi ile. Nikampiga juu ya mfupa wa bega. Kichwa kilipasuka palepale kama yai. Kidonda kilikuwa kipana kama kisosi, kina hakuna. Nilimfuata kwa tochi hadi saa saba usiku, tone la damu kila hatua kumi, halafu tone kila hatua hamsini, halafu majani makavu tu. Nilimpata asubuhi, yuko hai bado, amelala chini ya mti ulioanguka. Nilimaliza kazi na sikula nyama ile kwa hamu.

.270 haikuwa na hatia. Ile risasi pia haikuwa mbaya, ilikuwa ya kazi nyingine: mbali zaidi, mbavuni, mahali laini. Mimi niliipeleka karibu na kwenye mfupa.

Tangu hapo kwenye boksi nasoma neno moja kabla ya mengine: kichwa kimejengwaje. Vile vya kawaida vyenye pua laini, madini ya risasi ndani na koti la shaba nje, kwa kasi ya wastani kama ya 7mm-08 au .30-30 vinatosha kabisa na ni rahisi kupata. Juu yake kuna vile ambavyo koti na kiini vimeunganishwa visiachane. Na kuna Partition, yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inaendelea kusukuma. John Nosler aliibuni baada ya vichwa vyake kushindwa kupenya mwaka 1946 kwa yule mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, kule Kanada, aliyekuwa amejipaka tope likakauka mwilini. Natumia hiyo. Ni mazoea ya mzee, hulazimiki.

Nunua aina mbili, boksi moja moja. Piga tatu tatu, mtutu upoe katikati. Utakuta mtutu wako unapenda moja na unaichukia nyingine, na hakuna ajuaye kwa nini. Ile iliyopendwa, nunua ya kutosha msimu mzima.

Na usipige bega. Nyuma ya bega, theluthi moja kutoka chini ya kifua, akiwa amekaa ubavu. Pale pana mapafu, na nyama ya mbele haitavilia damu.

---

Shaba_Tupu

Babu asante, lakini umesahau vichwa vya shaba tupu. California tangu Julai 2019 huwezi kuwinda kwa risasi yenye madini ya risasi, na sababu ni ndege: kondori wanakula matumbo yaliyoachwa porini na kufa kwa sumu. Ukimpiga picha ya eksirei kulungu aliyepigwa kwa risasi laini utaona vinyota vyeupe vya madini mbali na tundu lenyewe. Dada amesema anataka nyama. Watoto wakila je?

---

Babu wa Dungu

Hapo umenishika. Nyama ya kuzunguka kidonda mimi huikata upana wa kiganja na kuitupa, lakini picha hizo nimeziona na siwezi kubishana nazo.

Shaba tupu ni nzuri kwa sharti moja: ni ngumu, inataka kasi ndipo ifunguke, na kwa uzito uleule inakuwa ndefu zaidi. Kwa hiyo shuka uzito. Kwenye 7mm-08 chukua greni 120 badala ya 140. Inapenya moja kwa moja, mara nyingi unakuta tundu la kutokea, na damu ya kufuata ipo.

Kiswahili chetu ndicho kitakachopata shida. Risasi ambayo haina risasi ndani tutaiita nini?

---

Mpole_wa_Maneno

Tukiwa kwenye maneno: mnyama mnayemzungumzia si kulungu. Kulungu ana pembe za kuzunguka asizozibadilisha maisha yake yote. Huyu wenu ana pembe za matawi, anazidondosha kila mwaka na kuota nyingine.

---

Wenzo94

Mkuu tunajua. Ukipata jina jingine ambalo watu wote wataelewa tuletee, tutabadilisha. Mpaka hapo ni kulungu.

---

Mkono_Kushoto

Nimerudi, wiki tano baadaye. Samahani kwa kimya.

Nimepata 7mm-08 iliyotumika, Savage, bolti kushoto. Mwenye nayo alikuwa mtu wa kushoto aliyeacha kuwinda. Tako lilikuwa refu, fundi amekata sentimita mbili na nusu akaweka mpira. Mara ya kwanza kukoki bila kuitoa begani nilicheka peke yangu.

Zoezi la risasi bandia nimelifanya na mjomba mwenyewe. Siku ya kwanza, bandia nne kati ya tano mtutu ulichota chini. Kuku na mtama, kabisa. Nikaona haya. Tukaacha, nikapiga .22, kaliba ndogo isiyo na teke, wiki nzima, tukarudi. Siku ya tatu nilipata bandia mbili za mwisho na msalaba wa darubini haukuondoka kwenye karatasi.

Risasi: nilijaribu greni 140 pua laini na greni 120 ya shaba. Ya 140 ilitawanyika kama sentimita saba kwa mita 100. Ya shaba, matundu matatu ningeyafunika kwa kizibo cha chupa. Kwa hiyo nimechaguliwa, sikuchagua.

Swali moja lililobaki: niiweke sawa kwa mita ngapi?

---

Babu wa Dungu

Mia moja, na utulie. Au igonge sentimita nne juu kwa mia moja ukipenda. Kwa kaliba yako itakuwa karibu sawasawa ikifika mia mbili, ambako huna kazi nako. Ukifika dunguni hutaki hesabu kichwani. Lenga nyuma ya bega kwa hatua thelathini, lenga palepale kwa hatua 140.

Kisha piga risasi chache ukiwa umekaa, kwa sababu dunguni utakuwa umekaa. Meza ya uwanjani hutaibeba mtini.

Mjomba alisema nini?

---

Mkono_Kushoto

Mjomba alisema zoezi ni la watoto. Nikamwambia basi jaribu, nikampa mgongo, nikaweka ya bandia kwenye .300 yake.

Mtutu ulishuka karibu ugonge meza. Alikaa kimya muda. Halafu akauliza kama Savage ina toleo la bolti kulia.